Tulimfuata adui wa karafuu, tukamkuta ndugu

Na Mwandishi Wetu, aliyekuwa visiwa vya Maluku, Indonesia

KWA Mpemba wa umri wetu, Indonesia si jina la nchi tu. Ni jina la msiba. Tulipokuwa watoto katika miaka ya 1980, msimu wa karafuu ukimalizika wazee walikaa barazani wakisema, "Indonesia imetumaliza." Hatukujua hata iko upande gani wa dunia. Tulichojua ni kwamba huko kulikuwa na watu waliokuwa wakinunua karafuu zetu, kisha wakapanda zao wenyewe, na tangu hapo sare za skuli hazikununuliwa tena kila mwaka.

Mwezi Agosti tulikwenda kumtazama adui huyo kwa macho yetu.

Tulikwenda na rafiki yetu wa utotoni, mzaliwa wa Wete kama sisi, ambaye sasa anafanya kazi Muscat. Sisi tunaishi London. Yeye anaweza kurudi nyumbani akitaka. Sisi, kwa sababu ya kazi hii ya kalamu, tuna miaka kumi na moja hatujakanyaga Pemba. Kwa hivyo kila tukitaka kuonana hutafuta nchi ya tatu. Safari hii alituandikia maneno machache tu: "Babaangu kafa akiilaani Indonesia. Nataka kwenda kuiona."

Basi tukakutana Jakarta, kila mmoja na shanta yake mgongoni, watu wawili waliovuka arobaini na wenye magoti yanayolia, tukijifanya vijana. Ndani ya shanta ya rafiki yetu mlikuwa na mfuko mdogo wa karafuu kavu za Pemba, alizopelekewa na dada yake. Tulipomuuliza anapeleka karafuu Maluku za nini, kwani si sawa na kupeleka maji baharini, alijibu, "Wewe nyamaza, utaona."

MAMA WA KARAFUU

Wasomaji wetu wengi wameifanya karafuu kuwa yetu kiasi cha kusahau kwamba na yeye ni mgeni. Asili yake ni visiwa vichache vidogo vya Maluku ya Kaskazini: Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Kwa karne nyingi dunia nzima ilipata karafuu kutoka hapo, na ndiyo iliyowaleta Wareno, Wahispania, Waingereza na Waholanzi kuuana katika bahari ile.

Waholanzi walipopata nguvu waliamua karafuu iwe yao peke yao. Mwaka 1652 walimfunga Sultani wa Ternate kwa mkataba wa kung'oa mikarafuu, ili ibaki tu pale wanapoweza kuilinda, khasa Ambon. Majahazi yao ya doria yalizunguka visiwani yakikata miti ya watu. Ilidumu hivyo mpaka karibu mwaka 1770, pale watu wa Pierre Poivre, Mfaransa aliyekuwa mtawala huko Mauritius, walipofanikiwa kutorosha miche. Kutoka visiwa vya Wafaransa karafuu ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na historia inamtaja Saleh bin Haramil Al-Abri kuwa ndiye aliyeileta. Sayyid Said bin Sultan akaifanya zao la lazima, na mashamba yakalimwa kwa jasho la watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikawa ndiyo shina.

Kwa maneno mengine, zao lililotulisha lilianza kwetu kama mali ya magendo. Jambo hilo lilimchekesha sana rafiki yetu, kwani babaake aliwahi kulala ndani siku tisa kwa kukutwa na gunia mbili ufukweni, usiku, ngalawa ikisubiri kuelekea Shimoni.

TERNATE: HARUFU KABLA YA MJI

Ndege ya usiku kutoka Jakarta hutua Ternate asubuhi, na saa za huko ziko mbili mbele. Kisiwa chenyewe ni mlima wa moto, Gamalama, uliochomoza baharini kwa zaidi ya mita 1,700, na watu wamejibanza kuuzunguka. Kwa pikipiki unakizunguka kisiwa kizima asubuhi moja.

Tulipotoka nje ya mji tukaingia katika jambo ambalo hatukulitarajia. Barabarani, mbele ya kila nyumba ya tatu, karafuu zimeanikwa juu ya maturubai. Wanawake wamekaa chini wanachambua makonyo. Watoto wanafukuza kuku. Pikipiki ilikuwa ikienda, nasi tukanyamaza wote wawili. Harufu ile ilikuwa Wete mtupu. Kwa miaka kumi na moja tumeikosa, tukadhani iko mahali pamoja tu duniani.

Mwenyeji wetu, mwalimu wa Kiingereza, alitupandisha mlimani kuona mikarafuu mikongwe wanayoiita Afo. Ule wa kwanza umeshakufa, na wenyeji wanasema uliishi zaidi ya miaka 400 na kwamba uliponea panga la Waholanzi kwa kujificha juu huko. Wanasema pia kwamba miche ya Poivre ilitoka hapo. Hatuwezi kulithibitisha hilo, lakini rafiki yetu aliliegemea shina la mmoja wa waliobaki kama mtu aliyefika kwa bibi yake.

Hata lugha ilitufanyia mzaha. Khabari kwao ni kabar, dunia ni dunia, sababu ni sebab, wakati ni waktu, riziki ni rezeki, maskini ni miskin. Hayo ni ya Kiarabu, tukayatarajia. Lakini bendera pia ni bendera, na meza ni meja, kwa sababu Mreno aliyapita makwao na makwetu. Na ngoma moja ya huko huchezwa kwa kitambaa cha mkononi wanachokiita lenso. Mama zetu wangeiita leso bila ya kufundishwa na mtu.

TIDORE: SWALI LA MZEE

Kutoka bandari ya Bastiong, Ternate, boti za mashine huvuka hadi Rum, Tidore, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Katikati kuna kisiwa kidogo cha Maitara. Wenyeji hupenda kuwaonyesha wageni noti ya zamani ya rupia 1,000, iliyotolewa mwaka 2000, yenye picha ya Maitara na Tidore nyuma yake, ili mtu aishike mbele ya macho na kulinganisha.

Katika kijiji kimoja ubavuni mwa mlima Kiematubu tulikaribishwa kwa mkulima mmoja, mzee wa miaka sabini na kitu. Tulikunywa kinywaji chao cha moto cha tangawizi na sukari ya mnazi, chenye lozi za kienyeji zikielea juu. Mwalimu akawa mkalimani. Rafiki yetu hakupoteza muda. Akafungua mfuko wake, akamimina karafuu za Pemba katika kiganja cha mzee.

Mzee alizitazama kwanza. Akachagua moja, akaukagua ukichwa wake kama umekamilika, akaiminya kwa ukucha, akainusa, kisha akaitafuna. Sisi tulisubiri kama watoto wanaosubiri majibu ya mtihani.

"Imekaushwa vizuri," akasema. "Mtu huyu hakuwa na haraka."

Halafu akauliza swali. Hakuuliza Pemba iko wapi. Hakuuliza dini yetu wala viza yetu. Aliuliza, "Kilo moja wanawalipa kiasi gani?"

Tulimjibu kwamba kwetu karafuu hununuliwa na mnunuzi mmoja, kwa bei anayoipanga yeye. Mzee akacheka mpaka akakohoa, akamwita mkewe atoke jikoni aje asikie.

Ikumbukwe kuwa Indonesia ndiyo mlaji mkubwa wa karafuu duniani, na sehemu kubwa huishia ndani ya sigara zao za kretek. Mpaka miaka ya 1970 walitegemea sana karafuu za Zanzibar na Madagaska. Kisha serikali yao ikahimiza upandaji kila mahali, na katika miaka ya 1980 wakajitosheleza. Hapo ndipo wazee wetu walipoanza kulaani. Lakini walichokuwa hawakijua ni kilichofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ya Rais Suharto ililipa shirika moja, lililoongozwa na mtoto wake, haki ya peke yake ya kununua karafuu za nchi nzima. Wakulima wakalazimishwa kuuza kwa bei ya chini, na sehemu ya malipo yao ikazuiliwa kwa jina la akiba. Wengi waliiacha mikarafuu ikaota majani, wengine wakaikata kwa mikono yao. Shirika hilo lilivunjwa mwaka 1998, Suharto alipoanguka.

Mzee alituonyesha sehemu ya shamba lake yenye migomba. "Hapa palikuwa na mikarafuu thelathini," alisema. "Babaangu aliipanda. Mimi niliikata."

Rafiki yetu aliuliza mwaka gani. Akaambiwa 1993. Alikaa kimya kitambo, kisha akatwambia kwa Kiswahili, ili wasisikie, "Mwaka huohuo baba alinitoa skuli ya kulipia."

Tulipoaga, mzee alizirudisha karafuu zetu ndani ya mfuko isipokuwa tatu. Akachukua gazeti, akafunga konzi mbili za zake, akampa rafiki yetu.

BANDA: KISIWA CHA WALIOFUKUZWA

Kutoka Ternate tuliruka hadi Ambon, mji ulioteketezwa na fitina za kidini kati ya mwaka 1999 na 2002 na ambao leo watu wake wanajitahidi kukaa pamoja. Tulitaka kwenda Banda kwa boti ya kasi, lakini Agosti ni mwezi wa kusi ya huko na bahari ilikuwa imekasirika. Tulikaa siku tatu tukiambiwa kesho. Mwisho tukapanda meli kubwa ya abiria, tukalala sitahani kwenye mkeka wa kukodi, katikati ya familia zenye vikapu na majogoo. Rafiki yetu, ambaye tangu Jakarta alikuwa akijisifu kwamba Mpemba hatapiki baharini, alitapika mpaka alfajiri. Tunaliandika hili kwa idhini yake, aliyoitoa kwa shida.

Banda ni vijisiwa vya kungumanga na basibasi. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen wa kampuni ya Waholanzi alikuja kulazimisha ununuzi wa peke yake, na watu wa Banda, wanaokadiriwa kuwa 15,000, wakauawa, wakafa njaa au wakauzwa, wakabaki wachache mno. Mashamba yakatiwa watumwa kutoka kwingine. Kimoja katika vijisiwa hivyo, Run, kilikuwa kikidaiwa na Waingereza, nao mwaka 1667 wakaachana nacho, huku Waholanzi wakiachana na mji wao ambao leo unaitwa New York. Leo Run ni kijiji cha wavuvi.

Lakini sisi tulikuwa na kiu ya nyumba moja tu. Mwaka 1936 Waholanzi waliwaleta Banda Neira wapinzani wao wawili, Mohammad Hatta na Sutan Sjahrir, waishi uhamishoni. Walikaa miaka sita. Walifundisha watoto wa mtaani kusoma, wakaishi na watu. Mwaka 1942 vita vilipokaribia, ndege ya majini ikaja kuwachukua. Sjahrir hakukubali kuwaacha watoto aliokuwa akiwalea, na nafasi haikutosha. Inasimuliwa kwamba Hatta, mtu aliyependa vitabu kuliko chakula, akayaacha masanduku yake yote ya vitabu ili watoto wapande. Miaka mitatu baadaye Hatta akawa Makamu wa Rais wa kwanza wa Indonesia, na Sjahrir Waziri Mkuu wa kwanza. Leo viwili kati ya vijisiwa vya Banda vina majina yao.

Nyumba ya Hatta ni ya kawaida, sakafu baridi, madirisha marefu. Tulisimama humo muda mrefu. Na sisi tuliacha vitabu, usiku mmoja, chini ya kitanda cha mama, na kwa miaka yote tumevililia kama watu. Kumbe alikuwako mtu aliyeviacha mwenyewe, akijua anabeba nini badala yake. Tulijiuliza, sisi tulibeba nini? Hatukupata jibu zuri, na tunawaachia wenzetu wa ughaibuni wajiulize pia.

KWA WANAOTAKA KWENDA

Angalieni mapema masharti ya viza kwa pasi mliyonayo. Kwa Banda, bahari hutulia zaidi Machi na Aprili, na tena Oktoba na Novemba. Acheni siku za akiba, kwani ratiba ya huko huandikwa na upepo. Msibebe mzigo mkubwa. Na mkialikwa chakula cha sago, ule uji mzito unaovutika kama wanga wa nguo, umezeni bila ya kutafuna, ndiyo adabu yake.

Usiku wa mwisho, mtandao uliporudi, rafiki yetu alimpigia simu mamaake Wete, akaweka sauti ya wazi ili na sisi tumsalimie.

"Shikamoo mama. Mindonesia nimemwona."

"Marahaba mwanangu. Enhe, yukoje?"

"Na yeye aliibiwa, mama. Akakata mikarafuu ya babaake."

Ng'ambo ya pili kukawa kimya. Tukasikia jogoo, na mtu akipita na baskeli. Kisha bibi yule, ambaye kwa miaka arobaini alimsikiliza mumewe akiwalaani watu asiowajua, akasema, "Maskini. Basi ukirudi Muscat nipelekee hizo karafuu zake kwa dadaako. Nitazitia kwenye pilau ya hitima ya baba yenu."