Lantana na Jamaa Zake: Anza na Shina

Wengi huitambua lantana kwa maua yake, na hapo ndipo wanapokosea. Ni kweli kishada chake hakisahauliki: ua huchanua manjano, kisha hugeuka rangi ya chungwa, ya waridi au nyekundu, hata kishada kimoja kikawa na rangi mbili au tatu. Lakini kichaka hiki, ambacho Linnaeus alikiita Lantana camara mwaka 1753, asili yake ni Amerika ya kitropiki, na watunza bustani wamekizalisha hadi zikapatikana aina zenye maua meupe. Anayefuata rangi peke yake ataiacha hiyo, halafu amfyeke mwenyeji wa Afrika, Lantana viburnoides, ambaye naye huchanua meupe. Harufu pia haitoshi, kwa sababu jamaa mwingine wa hapa kwetu, Lippia javanica, majani yake yakifikichwa hunukia kwa nguvu vilevile.

Basi shika shina. La lantana lina pembe nne, na juu ya pembe hizo mna vimwiba vilivyopinda kuelekea chini. Pandisha vidole polepole, vitakukwaruza. Wenyeji wale wawili hawana miiba. Zipo lantana za bustani ambazo miiba yake ni haba, kwa hiyo tazama na matunda: ya lantana ni laini, ya kijani, yakiiva huwa meusi yenye kung'aa, ilhali ya Lippia ni makavu na madogo mno.

Atauliza mtu: vichaka vyote si vichaka tu? Sivyo. Lantana huharibu ini la ng'ombe, ngozi yake ikababuka juani, na vichaka vyake vizito huwahifadhi mbung'o. Tena hata dawa hukosea njia: nchini Uganda, miaka ya 1960, mdudu Teleonemia scrupulosa aliyeletwa kuidhoofisha lantana alihamia kwenye ufuta, zao la ukoo mwingine kabisa. Ikiwa alifika huko, jamaa wa karibu wana usalama gani?

Wapo wanaoitetea kwa kuwa hufaa kwa ua wa shamba. Inafaa kweli, ila ndege hula matunda yake na kuzipeleka mbegu malishoni kwa jirani ambaye hakuipanda. Kwa hiyo kagua shina, ua na tunda pamoja kabla ya kuinua panga. Ukishathibitisha ni yenyewe, chimba na kisiki, kwani ikikatwa tu huchipua tena.