Mtandao Usiishie Sebuleni

Nyumba ya mtu wa Garissa aghalabu si nyumba moja. Ni ua. Mbele, karibu na lango, pana chumba cha wageni, ambamo wanaume hunywa chai na kuzungumzia siasa na bei ya ngamia. Nyuma yake pana nyumba ya mama, kisha jiko, kisha nyumba ya nyanya, na mwisho kabisa, penye ukuta wa nyuma, vyumba vya watoto wanaosoma. Anapokuja fundi wa kampuni ya intaneti hukaribishwa mbele, kama ilivyo ada, na huko huko mbele hukiacha kile kisanduku chenye antena ambacho sote tumezoea kukiita ruta. Mtandao huanzia pale, na mara nyingi huishia pale pale.

Nimeingia katika nyua nyingi za mji huu, kuanzia Bula Iftin hadi Bula Punda, na jambo hilo nimelikuta karibu kila mahali. Ada ya kila mwezi hulipwa kwa jina la jamii nzima, lakini faida huipata anayekaa karibu na lango. Binti anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne hutoka chumbani mwake usiku, akaenda kuegemea ukuta wa sebule ya wageni ili simu yake ipate kufungua somo moja la kemia. Nyanya, ambaye wajukuu wake wako Minneapolis na London, hungoja mpaka wageni waondoke ndipo aletwe mbele azisikie sauti zao. Naomba basi leo tulijadili suala hili ambalo wengi huliona dogo, kwa maana ndani yake limo jambo kubwa.

Tuanze na sababu. Waifai ni redio, na redio ya nguvu ndogo mno. Mawimbi yake hudhoofika kila yanapopenya ukuta wa mawe, na yakikuta bati au tangi lililojaa maji hurudi yalikotoka au hufa humo humo. Ruta nyingi za siku hizi hurusha mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi lakini huenda polepole; yale ya gigahezi 5 ni mepesi wa kazi lakini hushindwa upesi na kuta. Katika ua wenye kuta nne au tano za mawe na mapaa ya mabati, si ajabu kwamba chumba cha mwisho hakipati kitu.

Wapo wanaodhani dawa ni kununua ruta yenye antena ndefu kama pembe za swala. Wanasahau kwamba mawasiliano ni mazungumzo. Ruta ikipaza sauti, simu itaisikia, lakini simu nayo hapana budi ijibu, na sauti ya simu ni ile ile ndogo. Ndiyo maana mtu huona alama ya mtandao imejaa kwenye kioo chake ilhali hakuna kinachofunguka. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Anayetaka mtandao katika chumba cha nyuma hana budi kuisogeza fimbo yenyewe huko nyuma.

Madukani huuzwa vifaa vidogo vya kuchomekwa ukutani, ambavyo kazi yake ni kuyapokea mawimbi ya ruta na kuyarusha tena. Sivikatai, lakini mnunuzi azijue tabia zake. Kwanza, kifaa cha namna hiyo hurudia kile tu kilichosikia. Ukikiweka katika chumba kisichofikiwa na mtandao, kitarudia unyonge ule ule. Mahali pake ni katikati ya safari, ambapo mawimbi bado yana nguvu. Pili, kile chenye redio moja hakiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja. Hupokea, hunyamaza, kisha hurusha. Kwa hiyo kasi hupungua kwa karibu nusu. Viko vifaa bora zaidi vyenye redio mbili au tatu, ambavyo hutenga mawimbi ya aina moja kwa mazungumzo baina ya visanduku vyenyewe, lakini bei yake si ya kila mtu.

Njia ninayoipendekeza ni ya zamani na ni imara: ruta ya pili iliyounganishwa na ya kwanza kwa waya. Mara nyingi ruta hiyo ya pili imo tayari nyumbani, imefunikwa vumbi kabatini tangu jamii ilipohama kampuni moja kwenda nyingine. Waya wa mtandao wa kawaida hubeba ujumbe hadi mita 100 bila kuchoka, nao haujui ukuta wala bati. Ukipitishwa nje, utiwe ndani ya bomba na kufukiwa ardhini, kwa sababu jua la Garissa hupasua plastiki, na mbuzi hawachagui cha kutafuna.

Kazi yenyewe haihitaji shahada. Kabla ya kuziunganisha ruta mbili, iunganishe ile ya pili na tarakilishi peke yake, ufungue mipangilio yake na kuibadilishia anwani. Ikiwa ya kwanza ni 192.168.1.1, ya pili ipewe 192.168.1.2, ili zisigombee jina. Kisha izimwe ile kazi yake ya kugawa anwani kwa simu na tarakilishi, ambayo mipangilioni huandikwa kwa herufi DHCP. Hapa ndipo wengi hukwama. Ruta mbili zikiachiwa kugawa anwani katika ua mmoja, kila moja itagawa kwa fikira zake, na simu za watu zitapotea njia. Manahodha wengi chombo huenda mrama. Mgawaji abaki mmoja, yule wa mbele.

Baada ya hapo waya unaotoka ruta ya kwanza uchomekwe katika mojawapo ya matundu ya kawaida ya ruta ya pili, wala si katika lile tundu la pekee lililotengewa waya wa kutoka nje. Ruta zote mbili zipewe jina moja la mtandao na neno moja la siri, ili simu iweze kuhama kutoka moja kwenda nyingine mwenyewe anapotembea uani. Lakini chaneli zitofautiane. Katika mawimbi ya gigahezi 2.4, chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Basi ya mbele ichukue 1, ya nyuma ichukue 6 au 11. Mwisho, neno la siri la kuingilia mipangilio yenyewe, lile lililotoka kiwandani, libadilishwe, maana kila kijana wa mtaa analijua.

Najua pingamizi nitakayoletewa, kwa kuwa nimeisikia kutoka kwa wazee ninaowaheshimu. Husema kwamba intaneti imebeba uchafu, na heri ibaki mbele ambapo baba anaona kila anayeitumia. Hofu yao ina msingi. Lakini mtoto mwenye simu hununua data kwa shilingi chache dukani, akaona atakacho bila ruta ya mtu yeyote. Mtandao wa nyumbani ndio pekee ambao mzazi anaweza kuuwekea mlango: ruta nyingi humruhusu kuzima matumizi ya watoto saa fulani ya usiku na kufunga kurasa asizozitaka. Na tujiulize: lipi lenye staha zaidi, binti kusomea chumbani mwake karibu na mama yake, au kusimama gizani nje ya sebule iliyojaa wageni?

Sasa, ndugu msomaji, tuinue macho kutoka ua wetu tuitazame nchi. Kenya nayo ni ua, na uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera, ndio chumba cha mwisho. Haikutokea hivyo kwa bahati mbaya tu. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965 ulieleza kwamba fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapoleta ongezeko kubwa zaidi la mapato, penye mvua, ardhi nzuri, barabara na umeme. Kwa maneno mengine, ruta iwekwe sebuleni, kwa sababu sebuleni ndiko kulikokwisha pambwa. Chumba cha nyuma kiliambiwa kingoje neema ivuje kupitia ukutani. Kimengoja kizazi kizima na zaidi.

Na mtandao ulipofika huku, ulifika kwa njia ya kurudia. Nje ya miji, milingoti mingi ya simu hupokezana mawimbi kama watu waliojipanga mstari wakipitisha ndoo ya maji. Mmoja akianguka, wote walio mbele yake hukosa maji. Tarehe 13 Januari 2020 wavamizi wa Al-Shabaab walipoingia Kamuthe, katika kaunti ya Garissa, waliwaua walimu watatu na kuharibu mlingoti wa mawasiliano wa mahali hapo. Si hapo tu; milingoti imelipuliwa mara nyingi katika kaunti zote tatu, kwa kuwa adui anajua kwamba kijiji kisichoweza kupiga simu hakiwezi kuomba msaada. Baada ya Kamuthe walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka eneo hili. Miezi miwili baadaye shule za nchi nzima zikafungwa kwa ajili ya Korona, na watoto wakaambiwa wasome kwa redio, runinga na mtandao. Mtoto wa chumba cha mwisho alipoteza mwalimu na mtandao kwa mwaka mmoja.

Lakini mfano wa kutenda vema tunao hapa hapa kwetu. Huko Dadaab, kilomita zipatazo 100 kutoka mji wa Garissa, mashirika ya misaada yalikuwa kwa miaka mingi yakitegemea madishi ya setilaiti, kila shirika na dishi lake, kwa gharama kubwa na kasi ndogo. Maana ujumbe wa setilaiti za namna ile husafiri kilomita zipatazo 36,000 kwenda juu, na nyingine kama hizo kurudi chini. Wimbi la wakimbizi wa njaa ya Somalia la mwaka 2011 lilipowalemea, mashirika ya Inveneo na NetHope, yakisaidiwa na kampuni ya Cisco, yalishirikiana na kampuni ya simu kuleta kiungo imara cha kutoka nje, kisha wakajenga mtandao mmoja wa redio za masafa marefu wa kuunganisha ofisi za mashirika mbalimbali. Ni kanuni ile ile ya ua: kiungo cha uti wa mgongo kiwe na nguvu kwanza, ndipo ugawe.

Serikali nayo imeahidi. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 750 kwa mradi wa barabara kutoka Isiolo kupitia Wajir hadi Mandera, na katika mpango huo umo mkongo wa nyuzi za kioo wa kulazwa kando ya barabara. Huo ndio waya wetu wa ruta ya pili, na tunaushukuru. Ila tuna mambo mawili ya kudai. La kwanza, mkongo usiishie makao makuu ya kaunti, katika ofisi za wakubwa, ambako ni kuhamisha sebule tu. Ufike shule, zahanati na soko la mifugo. Iko Hazina ya Huduma kwa Wote, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009 kwa ajili ya sehemu ambazo makampuni hayaoni faida. Itumike.

La pili, njia isiwe moja. Mnamo Novemba 2023 mto Tana ulifurika ukaikata barabara ya Garissa na Nairobi, na wasafiri wakavushwa kwa mashua. Tuliona siku zile maana ya eneo zima kutegemea barabara moja. Mkongo ulio na ncha moja ni kama barabara ile. Ukikatwa na mafuriko, na trekta au na bomu, kila aliye upande wa pili yuko gizani. Nyuzi za Garissa, Wajir na Mandera zifungwe kama mduara, ili ujumbe ukizuiwa huku upite kule.

Wala mtu asituambie kwamba sisi ni wa kupokea tu. Kituo cha umeme wa jua cha Garissa, kilichozinduliwa Desemba 2019 kikiwa na uwezo wa takriban megawati 50, hupeleka nguvu zake katika gridi ya taifa, zikawasha taa za watu wasiowahi kufika huku. Chumba cha mwisho kinachangia mwanga wa sebule. Si haki kiendelee kuomba mawimbi kupitia ukutani.

Tusubiri lakini tusikae bure. Wakati tunadai mkongo wetu, kila mwenye ua na apime leo umbali kutoka lango hadi ukuta wa nyuma, anunue mita za waya zinazotosha, na kuitoa ile ruta kongwe kabatini. Baba anayelalamika kwamba Nairobi imemsahau, na huku binti yake anasomea nje gizani, hana uso wa kuilaumu Nairobi.