Je, Wajua Kimelea cha Malaria Huvamiaje Seli Nyekundu ya Damu?

Vimelea vya malaria aina ya Plasmodium falciparum huingia mwilini kwa mate ya mbu, hujificha kwenye ini kwa takriban wiki moja bila mtu kuhisi lolote, kisha humwagika kwenye damu vikiwa katika umbo liitwalo merozoiti. Merozoiti moja haizidi mikrometa 2, ilhali seli nyekundu ina kipenyo cha mikrometa 7 hadi 8. Ikikosa kuingia ndani ya seli upesi, huishiwa nguvu ya kuvamia.

Uvamizi wenyewe huchukua chini ya dakika mbili. Kimelea hugusa seli kwa upande wowote, kisha hujigeuza mpaka ncha yake iukabili utando. Chini ya hadubini seli huonekana ikibonyea na kutikisika. Vifuko vilivyo kwenye ncha hiyo humwaga protini, mojawapo ikiwa RH5, ambayo hunasa protini ya seli iitwayo basigini. Mshiko huo uligunduliwa na watafiti wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, mwaka 2011. Ukizuiwa, kimelea hubaki nje.

Linalofuata ndilo la ajabu zaidi. Kimelea huchomeka protini yake, RON2, kwenye utando wa seli, kisha huishika kwa protini nyingine iliyo mwilini mwake, AMA1. Mwizi amekuja na ngazi yake mwenyewe! Pete hujiunga mahali hapo, na kimelea hujivuta kupita ndani yake kwa nguvu za aktini na miosini, protini za jamii ileile inayoendesha misuli ya binadamu. Utando hujifunga nyuma yake. Seli hukunjamana na kuota miiba, halafu baada ya dakika chache hurudi katika umbo lake kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndani, kimelea hula hemoglobini, na baada ya saa 48 seli hupasuka na kutoa merozoiti 16 hadi 32. Hapo ndipo homa hupanda.

Kingamwili, yaani protini za ulinzi wa mwili, haziwezi kukifikia kimelea kilichokwisha kuingia. Nafasi yake ni hicho kipindi kifupi cha nje: zikiganda kwenye RH5 au AMA1, mshiko haupatikani. Nyingine hukitia alama ili seli nyeupe zikimeze. Nguvu ya kingamwili ilidhihirika nchini Gambia mwaka 1961, pale Cohen, McGregor na Carrington walipowapa watoto wagonjwa kingamwili za watu wazima waliozoea malaria, na vimelea katika damu vikapungua sana.

Hata hivyo, kinga hiyo huchukua miaka kujengeka, kwa kuwa AMA1 hutofautiana mno kati ya kimelea na kimelea. RH5 hubadilika kidogo tu, lakini maambukizi ya kawaida huamsha kingamwili chache dhidi yake. Pengo hilo ndilo linalolengwa na chanjo ya RH5, iliyojaribiwa Bagamoyo, Tanzania, na baadaye Burkina Faso. Matokeo ya Burkina Faso yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kuwa, kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliocheleweshewa dozi ya tatu, ugonjwa ulipungua kwa asilimia 55 katika miezi 6. Chanjo za RTS,S na R21 zinazotolewa sasa hulenga hatua ya awali, kabla ya ini.