Kiwanja cha wote: nani atakinunua?

Siku ya yenga, kisha ibada, tukiwa batoto, tulikuwa tunapanda mulima na mpira wa maganda ya migomba. Kiwanja chetu kilikuwa kimelala upande mumoja. Timu iliyocheza chini ilifungwa kila mara, kwa hiyo tulikuwa tunabadilisha upande mara ine, siyo mara moja kama mu mipira ya wakubwa. Siku moja tukakuta miti imepandwa, waya imefungwa, na muchungaji amesimama na fimbo yake. Hakutufukuza kwa hasira. Alisema tu: hapa kumeuzwa. Nani aliuza? Mpaka leo hatujapata jibu. Wazee wa kijiji walisema kiwanja ni cha wote. Makaratasi, yenye hakuna mutu kati yao aliyewahi kuiona, ilisema kingine.

Tunakumbuka ile siku kila tunapopita Rubaya, Ngungu, Nyabiondo ao Mweso. Mulima mumoja ni mashimo, mulima wa pili ni ng'ombe, na katikati ni nyumba za mbao na za shiti zinapandana kama ngazi. Baba anatoka mu shimo mangaribi, batoto wake wanacheza mu barabara, kati ya pikipiki na Fuso. Nafasi iko, tena kubwa na ya majani mazuri, lakini iko nyuma ya waya. Ndiyo maana safari hii ukurasa wetu hauongei bei ya koltani. Unaongea kiwanja.

Tuanze mbali kidogo, juu kule wakaaji waliomba kitu chenye huku watu wengi wanasema hakiwezekani: waliomba serikali yao ya mahali inunue kiwanja cha mutu.

Ni Marekani, mu jimbo la California, wilaya ya Marin, mu bonde linaloitwa San Geronimo. Pale kulikuwa uwanja wa gofu. Kwa wenye hawajaona gofu: ni muchezo wa kupiga kampira kadogo na fimbo ya chuma mpaka kaingie mu kashimo. Mashimo ni 18, na hakuna hata kilo moja inayotoka ndani. Musicheke sana, hata Lubumbashi kuna mutaa unaoitwa Golf, juu ya uwanja kama huo. Muchezo huu unakula udongo: uwanja wa San Geronimo ulikuwa na hektari karibu 64. Mukumbuke carré moja ya cadastre minier ni hektari 84,955. Ni kusema uwanja muzima wa matajiri ungeingia ndani ya carré moja na nafasi ikabakia.

Mwenye uwanja alipotaka kuuza, wakaaji wengi waliogopa hili bonde litageuka nyumba za kuuzwa. Mu 2017 viongozi wa wilaya wakakubali kuununua ukuwe wa wote. Kwa sababu makuta ya serikali inatembeaka polepole, shirika moja lisilotafuta faida, Trust for Public Land, lilinunua kwanza, kwa dola milioni 8,85, lingojee wilaya ije ilipe. Mipango ilikuwa mizuri. Lakini wilaya iliruka hatua: haikuchunguza kwanza, vile sheria inaomba, kitu gani kitaharibika ao kubadilika kama uwanja unaacha kuwa wa gofu. Jirani waliopenda gofu wakaenda tribinali, na mu 2018 muamuzi akawapa haki. Wilaya ikarudi nyuma. Udongo ukabakia na shirika. Mu mwezi wa tatu 2020 wakaaji wakapiga kura juu ya pendekezo lililotaka kufunga ile nafasi mu gofu mpaka wapiga kura waseme vingine. Wengi wakalikataa, na mulango wa kuifanya nafasi ya majani, maji na watembezi ukabakia wazi.

Tumetoa hii hadisi muzima juu ina vitu viwili vyenye vinatugusa. Cha kwanza, wale wakaaji hawakukuwa kitu kimoja. Jirani walishitakiana. Hata kule kwenye amani na makuta, kiwanja kinagawanya watu. Cha pili, waliopenda kununua hawakushindwa juu ya kukosa franka. Walishindwa juu ya karatasi moja iliyoruka zamu yake.

Sasa turudi kwetu.

Ferme za Masisi hazikutoka mbinguni. Wakoloni walikamata milima hii kwa mashamba ya kahawa, pareto na majani ya chai. Wakati wa zaïrianisation, mu mwezi wa kumi na moja 1973, mashamba yakapita mikononi mwa wananchi wenye walikuwa na njia ya kufika Kinshasa, na mengi yakageuka malisho. Mwaka ule ule, tarehe 20/07/1973, ilikuwa imetoka sheria ya udongo iliyosema udongo wote ni wa Leta, hauuzwi na hautauzwa. Mutu anapata tu haki ya kuutumia, konsesyo. Udongo wa vijiji ukaingia ndani ya udongo wa Leta. Sheria ikaahidi ordonnance ya Prezida itakuja kupanga haki za wanakijiji. Wazee walingojea ile ordonnance mpaka wengi wakazikwa.

Kwa hiyo mutu akisema « tununue kiwanja », inafaa ajue ananunua nini. Hanunui udongo. Ananunua haki ya mwenye konsesyo, ao anaomba Leta imurudishie sehemu. Na nani ananunua? Hapa watu wengi wanakosea bureau. Territoire ya Masisi haiwezi kununua kwa jina lake, juu territoire siyo entité territoriale décentralisée. Ila chefferie, secteur, commune na ville ziko na ule uwezo: sheria ya tarehe 07/10/2008 inazipa jina mbele ya sheria, makuta yake na mali yake. Kwetu ni chefferie ya Bahunde na ile ya Bashali, secteur ya Osso-Banyungu na ile ya Katoyi. Walikale ni secteur ya Wanianga na ile ya Bakano. Barua ya kiwanja ikipelekwa kwa administrateur peke yake, itakaa tu mu meza yake.

Makuta itatoka wapi? Wachimbaji wanajua jibu kuliko sisi, hata kama hakuna mwenye aliwaambia. Code minier, vile ilivyorekebishwa tarehe 09/03/2018, inagawanya redevance ya wenye permis hivi: Kinshasa 50 %, jimbo 25 %, akiba ya vizazi vijavyo 10 %, na 15 % inaenda kwa ile chefferie ao secteur ambamo madini inatoka. Tufanye hesabu: mwenye permis akilipa redevance ya dola 100 000, secteur inapashwa kuona 15 000. Kwa kasiterite redevance ni 3,5 %. Kwa koltani, tangu ilipoitwa madini ya maana sana mwishoni mwa 2018, ni 10 %. Wanianga, mwenye Bisie iko ndani yake, inajua hii mambo vizuri. Hayo makuta yamepangiwa kazi za wote: masomo, hospitali, barabara, maji. Kwa nini yasinunue pia nafasi ambamo batoto watachezea na maiti watalala?

Tena hatuombi ferme nzima. Kiwanja cha mpira cha kipimo cha kimataifa, metre 105 kwa 68, hakifike hektari moja. Ndani ya carré moja mungepanga viwanja zaidi ya 110. Uongeze masomo pembeni, uongeze makaburi, bado uko na hektari tatu ao ine. Mwenye ferme ya hektari mia tano hatasikia njaa juu ya zile.

Lakini hapa inafaa tuongee wazi, juu mu Masisi neno « ferme » linaamushaka maneno mengine. Mwenye ng'ombe siye adui. Wamoja walinunua kwa haki, wakapoteza makundi yote mu vita za miaka ya 1990, wakaanza upya. Fromage inayouzwa Goma inatoka mu mikono ya wachungaji wenye hawana hata ng'ombe moja. Kukata waya usiku siyo kampeni. Inaleta bunduki, na bunduki haijawahi kumupatia mutoto kiwanja. Constitution, article 34, inalinda mali ya mutu: Leta ikiikamata kwa faida ya wote, inalipa kwanza, tena malipo ya haki. Sheria ya 22/02/1977 inaeleza vile inafanyikaka. Njia fupi zaidi ni kuongea. Kwa miaka mingi UN-Habitat na mashirika ya hapa yamepatanisha wenye konsesyo na wakulima mu milima hii, na kuna wenye walikubali kukata sehemu. Mwenye ferme anayetoa hektari mbili na kupata jirani wanaolinda waya yake hajapoteza.

Kiwanja kikisha patikana, kazi haijaisha, na hapa ndipo tunaona watu wengi wanalala. Sheria ya 1973, article 55, inasema udongo wa Leta wenye umewekwa kwa kazi ya wote hauwezi kutolewa konsesyo, wakati wote haujaondolewa mu ile kazi kwa njia ya sheria. Ni kusema: mutafute kile kiandiko kinachokiweka kiwanja kwa kazi ya wote, kwa jina la chefferie ao secteur. Siyo kwa jina la chef. Siyo kwa jina la prezida wa kooperative, hata akiwa mutu wa Mungu. Chef anakufa, prezida anahama, na bibi-mujane anakuja na muanasheria. Certificat d'enregistrement, kisha miaka miwili, inakuwa ngumu sana kuibomoa mu tribinali. Ile miaka miwili inaweza kuwalinda, ao kumulinda mwenye aliwanyanganya kimya kimya. Ndiyo maana mutu akisikia mpimaji wa cadastre anapita mulimani, asiseme hainihusu.

Nairobi walishinda juu nafasi ilikuwa tayari ya wote. Mu 1989 chama cha serikali kilitaka kujenga ndani ya bustani ya Uhuru Park jumba la ghorofa 60. Mama Wangari Maathai akaanza kuandika barua: kwa wakubwa wa inchi, kwa wazungu waliotaka kuweka makuta. Walimucheka mu bunge, wakamutukana kama mwanamuke aliyeachwa. Wenye makuta wakaogopa, wakajitoa, na mupango ukakufa. Bustani iko pale mpaka leo. Hakununua kitu. Alikuwa na kalamu, na alikuwa na hakika kama ile nafasi haikukuwa ya mutu.

Kwa wenye kuishi juu ya permis ya kampuni kuna neno lingine. Haki ya madini na haki ya udongo wa juu ni vitu viwili. Code inataja nafasi zilizowekwa kwa makaburi kati ya zile mutu wa madini hawezi kukamata bila ruhusa ya wakubwa wenye mamlaka. Kwa hiyo mama anayeuliza wapi atamuzika mutoto wake anauliza kitu ambacho sheria imeshafikiria. Makaburi yenye haiandikwe popote, mbele ya mashine, ni majani tu.

Kuna wenye watasema: munaandika ndoto, vita iko. Ni kweli. Rubaya iko mikononi mwa M23 tangu tarehe 30/04/2024, na mwanzoni mwa 2025 Masisi-centre na Goma zikafuata. Watu wamehama, makaratasi imehama ao imeungua. Kile bureau moja inatia sahihi leo, ingine inaweza kukikataa kesho. Sisi pia hatumushauri mutu alipe makuta ya kiwanja wakati huu. Wauzaji wa haraka wako wengi, na mulima moja unauzwa mara tatu. Lakini kupima hakuombi ruhusa ya mwenye bunduki. Wachimbaji wako na kooperative, wako na daftari ya majina, wako na watu wenye wanajua kupima kwa kamba. Wazee wanaojua mipaka wangali wazima mu kambi na mu nyumba za jamaa. Wakae siku moja na waandike: upande wa juu jirani ni nani, upande wa chini ni kijito gani, tangu mwaka gani watu wanacheza hapa, nani alizikwa wapi. Watie vidole. Nakala moja kwa mwami ao chef de secteur, moja kwa kooperative, moja kwa parokia, moja kwa mutu wa mbali asiyefika mu ugomvi. Na mwenye konsesyo aitwe siku ile ile, asisikie kwa wengine.

Kile kiwanja chetu kingali ndani ya waya. Miti imekuwa mikubwa, imekatwa mara mbili kwa makaa na imeota tena. Mwezi uliopita tuliomba muchungaji atuachie tupite. Siye yule wa zamani, ni kijana. Alitusaidia kushika kamba. Tulipata metre 88 kwa 57, upande mumoja ungali umelala. Tumeandika, na tumetafuta wazee wawili wenye wanakumbuka. Mumoja yuko Sake. Wa pili tunamutafuta.