Mzigo wa Chuma Hausamehe: Kutoka Kilindini Hadi Mtaroni Kampala

"Mzigo mzito mpe Mnyamwezi." Ndivyo walivyosema wahenga wa pwani, wakiwasifu wapagazi waliokuwa wakisafiri baina ya pwani na bara wakiwa na shehena vichwani na mabegani. Methali hiyo ni ya sifa, lakini isitudanganye. Mpagazi wa misafara ya karne ya 19 hakutwikwa kila kitu kilichoshushwa na jahazi. Mzigo wake ulipimwa kwanza, na kwa desturi haukupita sana frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30. Kilichokuwa kizito kuliko hapo kilifunguliwa vipande vipande. Hata meli ya William Mackinnon, iliyoundwa Scotland kwa ajili ya Ziwa Viktoria, iliingizwa bara ikiwa vipande, ikaunganishwa upya Kisumu na kushushwa majini mwaka 1900, kabla ya reli kufika huko mwaka 1901.

Watu wa zama zile walishika kanuni moja iliyo rahisi: mzigo hukatwa ili ulingane na mbebaji, wala mbebaji hapindwi ili alingane na mzigo. Siku hizi mbebaji wetu ni lori, na njia yake ni barabara ya lami yenye zaidi ya kilomita 1,100 kutoka bandari ya Mombasa hadi Kampala. Kanuni haikubadilika hata kidogo. Wanaoisahau huwaachia wengine walipe, na mara nyingine malipo yenyewe ni roho za watu.

CHUMA CHA KUSUBU NI CHUMA GANI?

Nchi yetu ya Uganda haina bahari. Kwa hiyo mabomba makuu ya maji, vali kubwa, magamba ya pampu na vifuniko vya mashimo ya maji machafu vinavyonunuliwa ng'ambo hushushwa pwani, kisha hupandishwa huku bara. Vingi kati ya vitu hivyo ni chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Huwa na kaboni nyingi, baina ya asilimia 2 na 4, nacho hudumu ajabu ardhini. Katika bustani za Versailles, nchini Ufaransa, mabomba ya namna hiyo yaliyofukiwa karne ya 17 yalipitisha maji kwa zaidi ya miaka 300.

Lakini chuma hicho kina tabia yake. Ukikikandamiza, huvumilia sana; ukikivuta au kukipiga ghafula, hakipindi bali huvunjika. Mwaka 1943 mtaalamu wa Marekani, Keith Millis, aligundua kwamba magnesiamu kidogo ikitiwa katika chuma kilichoyeyuka, kaboni iliyomo hujikusanya kama vidonge vidogo badala ya kusambaa kama vipande vyembamba, na chuma hicho huweza kujipinda kabla ya kuvunjika. Mabomba mengi makubwa ya maji ya leo ni ya aina hiyo. Hata hivyo ndani yake hupakwa saruji, na saruji hiyo hupasuka bomba likiangushwa au likiinuliwa kwa kulabu iliyopachikwa ovyo mdomoni.

Mafundi wana njia ya zamani ya kukijaribu chuma cha kusubu. Hukining'iniza na kukigonga polepole kwa nyundo: kilicho kizima hulia kama kengele, na chenye ufa hutoa sauti butu. Akina mama wataielewa elimu hiyo bila mwalimu, kwa kuwa ndivyo wanavyogonga chungu sokoni kabla ya kutoa fedha yao.

UZITO UNAODANGANYA MACHO

Hatari ya kwanza ya shehena hii ni kwamba haionekani kuwa kubwa. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Chuma cha kusubu chenye ukubwa huo huo kina uzito wa zaidi ya kilo 7. Bomba moja lenye kipenyo cha milimita 600 na urefu wa mita 6 lina uzito wa takriban tani moja. Tuchukue kontena la futi 20 linalobeba tani 28. Tukilipanga chuma kitupu bila kuacha nafasi, tani hizo zitatimia chuma kikiwa na kimo cha sentimita 28 tu kutoka sakafuni, yaani chini ya goti la mtu mzima. Juu yake patabaki hewa tupu.

Hapo ndipo jicho la tamaa linapodanganyika. Mwenye mali huitazama nafasi ile na kusema lori bado lina njaa, kumbe limekwisha shiba. Akiongeza vifuniko 20 hapa na vali 10 pale, ameokoa nauli ya safari ya pili, lakini gharama yenyewe haikupotea. Ameihamisha tu, akawatwika dereva, utingo wake, barabara, na watu wanaotembea kandokando yake.

BARABARA HUDAI DENI LAKE

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 kuhusu uzito wa magari imeweka mipaka. Ekseli ya mbele ya usukani isizidi tani 8, ekseli moja yenye matairi mawili kila upande isizidi tani 10, ekseli mbili za pamoja tani 18, na tatu za pamoja tani 24. Lori zima, hata likiwa na ekseli 7, lisizidi tani 56. Ndiyo sababu ya kuwekwa mizani njiani: Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye upande wa Kenya, kisha Busitema na Magamaga upande wa Uganda.

Wapo wanaonung'unika kwamba tani mbili za ziada si kitu. Wahandisi wa Marekani walilichunguza jambo hilo huko Ottawa, katika jimbo la Illinois, kati ya mwaka 1958 na 1960. Waliendesha malori usiku na mchana juu ya barabara za majaribio hadi zikaharibika. Walichoona ni kwamba madhara hayaongezeki sawasawa na uzito, bali hupanda upesi mno, karibu na uzito uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Kwa hesabu hiyo, ekseli iliyopaswa kubeba tani 10 ikibeba tani 12, huiumiza barabara mara mbili zaidi. Ikibeba tani 13, huiumiza karibu mara tatu.

Sisi wa Uganda tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Tangu bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954, malori ya barabara hii yalivuka Mto Nile pale Jinja kwa kupita juu ya bwawa lenyewe. Hali iliendelea hivyo hadi daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 2018. Kwa zaidi ya miaka 60 uzito wa shehena zetu ulikanyaga ukuta ule ule unaotupa umeme. Daraja jipya tunalo, lakini halikujengwa ili lirithi uzembe wa zamani.

MTEREMKO NA BREKI

Lori litokalo Mombasa huanzia usawa wa bahari na kupanda hadi karibu mita 2,700 pale Timboroa, kabla ya kushuka kuelekea Eldoret na mpaka wa Malaba. Lakini mtihani mkubwa uko nyuma yake, katika ukingo wa Bonde la Ufa, ambako magari mengi mazito hushukia Mai Mahiu kwa barabara iliyojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Mai Mahiu kwa Kikikuyu ni maji ya moto, na jina hilo linafaa kwa somo letu. Lori la tani 50 likishuka mita 500 kwenda chini, nguvu zote za kimo hicho hapana budi zigeuke kuwa joto. Kama breki peke yake ingelifanya kazi hiyo, joto lake lingetosha kuchemsha madumu 35 ya maji, kila dumu la lita 20. Breki iliyopata joto namna hiyo haishiki tena. Kwa hiyo dereva mwenye busara hutia gia ndogo kabla mteremko haujaanza, akaiacha injini imzuie. Anayeondoa gia ili aokoe mafuta amefanya biashara mbaya kupita zote duniani.

Na breki zikishika vizuri, je, shehena nayo itasimama? Kanuni za ufungaji mizigo zinazotumika Ulaya hutaka mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu ya karibu nane ya kumi ya uzito wake, na pembeni na nyuma kwa nusu ya uzito huo. Chuma juu ya sakafu ya chuma huteleza, hasa kukiwa na mvua au mafuta. Sharti mbao au mpira viwekwe katikati, kabari zipigiliwe, na minyororo ikazwe. Kisha minyororo hiyo ikazwe tena baada ya kilomita chache za kwanza, kwa sababu mtikisiko hulegeza kila kitu.

WAJIBU WA ASKARI

Ndugu zetu polisi wa barabarani hawana mizani mfukoni, lakini macho wanayo. Lori lililoinamia upande mmoja, matairi yaliyobonyea, mnyororo unaocheza, mabomba yasiyo na kabari, harufu ya breki zilizoungua: hayo yote husomeka bila chombo. Hati za mzigo pia husema. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za kimataifa zinataka kila kontena lililojazwa lithibitishwe uzito wake kabla halijapakiwa melini. Basi uzito wa kontena lililovuka bahari umekwisha julikana kabla halijaonekana Kilindini, na asiwepo wa kusema hakujua.

Mashine kubwa isiyoweza kugawanywa ina njia yake halali. Huombewa kibali maalumu na kupewa msafara wa kuilinda, madaraja yakiwa yamekaguliwa. Lakini mabomba 40 si mzigo usiogawanyika. Ni malori mawili. Askari anayekubali kufumba macho mbele ya lori moja lililobeba yote hakumsaidia dereva. Amemruhusu aende kuujaribu mteremko.

KANDO YA MTARO

Safari haiishi lori linapofika mahali pa kazi. Wengi huumia wakati wa kushusha, pale minyororo inapofunguliwa na bomba lililokuwa likisukumana na wenzake kupata uhuru. Asisimame mtu upande ambao mzigo waweza kubingirika. Mabomba yaliyokwisha shushwa yapangwe juu ya magogo na kutiwa kabari pande zote mbili.

Kwa wazazi, hasa wanaoishi kambini na katika mitaa ambako mitaro inachimbwa, tunasema hivi: rundo la mabomba si uwanja wa michezo. Mtoto huliona kama pango na ngazi. Kabari moja ikitoka, tani nzima hubingirika, na hakuna mtu mwenye mikono ya kuizuia. Waonyeni watoto leo, kabla shehena haijafika.

Maji yatakapotoka katika mfereji wa nyumbani, hakuna atakayeuliza bomba lilipitia wapi. Lakini bomba lililofika bila ufa, kwa lori lililobeba haki yake, litabaki ardhini likifanya kazi baada ya sisi sote kustaafu, na dereva aliyelileta atakuwa amerudi salama kwa watoto wake.