Kasongo–Kabambare: Amortisa imetiwa nguvu, lakini freni ni ile ile

Pikipiki yenye kutoka dukani haikutengenezwa kwa ajili ya njia ya Kasongo kwenda Kabambare. Kiwanda kiliipima kwa watu wawili na mzigo mdogo. Huku kusini mwa Maniema inabeba mifuko ya mchele, bidoni za mawese, na wakati mwingine mama na mtoto juu ya mzigo. Njo maana wamotari wengi, kabla hata ya safari ya kwanza, wanapeleka chombo kwa fundi ili akitie nguvu: porte-bagaji ya chuma kizito nyuma, resori ngumu zaidi, pengine kipande cha bomba ndani ya foshi ya mbele ili isilale sana.

Kazi hiyo inafanyika chini ya mwembe, na funguo chache na posti ya kusudia. Wenye kuifanya wanajua kazi yao. Shida iko fasi nyingine: karibu kila mara wanatia nguvu chenye kubeba, na chenye kusimamisha kinabaki vile kilitoka kiwandani.

Amortisa ina vitu viwili ndani yake, na watu wanavichanganya. Resori inabeba uzito. Mafuta yenye kupita katika matundu madogo yanazuia ile resori isirukeruke. Ukiweka resori ngumu, au ukipachika ya pili, umeongeza ubebaji peke yake. Mafuta yanabaki yale yale, na sasa hayana tena nguvu ya kutuliza resori mpya. Kwenye njia yenye makunyanzi gurudumu linadunda kama mpira. Kila mara linapoacha udongo, hata kwa kitambo kidogo sana, freni haina kazi, kwa sababu freni inasimamisha gurudumu, halafu udongo njo unasimamisha pikipiki. Hivyo motari anakamata kwa nguvu, gurudumu linafungwa hewani, linashuka likiwa limefungwa, na chombo kinateleza.

Wengine wanatia mafuta ya motere katika foshi kwa sababu ni mazito zaidi. Kweli foshi inakuwa ngumu. Lakini inachelewa kurudi juu, na mashimo yakifuatana inazidi kushuka mpaka inagonga chini.

Viwanda vinajua jambo hili. Bajaj Boxer inauzwa na resori moja ndani ya nyingine kwa nyuma, na pikipiki nyingi zina pete yenye hatua chini ya amortisa ya nyuma, ambayo unaizungusha kadiri ya mzigo. Kuizungusha hakugharimu hata franga moja, na ni afadhali kuanza hapo kabla ya kununua chuma.

Sasa freni. Tuseme pikipiki ina kilo 115 na motari kilo 65: jumla 180. Ongeza mzigo wa kilo 200, unapata 380. Kwa mwendo ule ule freni inapaswa kumeza nguvu zaidi ya mara mbili. Ukiongeza mwendo kutoka kilometa 30 kwa saa mpaka 60, nguvu inakuwa mara nne. Nguvu hiyo haipotei, inageuka joto. Chombo hicho cha kilo 380 kikishuka kilima cha urefu wa meta 100, kama freni peke yake njo inashika, joto lake lingeweza kuchemsha litri moja ya maji. Na lote linaingia katika tamburi isiyozidi sana ukubwa wa sahani ya chai.

Tamburi ikipata moto inapanuka, inajitenga na garnitiri, vile vipande vyenye kuikwaruza kutoka ndani. Garnitiri nazo zikichomeka zinakuwa laini kama kioo. Pedali inashuka, inashuka, na chombo hakisimami. Motari anasema freni "imekatika", wakati hakuna kitu kilichokatika. Ikishapoa inarudi, na siku inayofuata hakuna mwenye kukubali kwamba iligoma.

Mwenye kuzima motere kwenye mteremko ili kuchunga esansi anajinyima freni yake kubwa kuliko zote. Kwa gari la kwanza au la pili, motere iwashwe, sehemu kubwa ya kazi inafanywa na motere, na tamburi inabaki baridi kwa ajili ya kona. Esansi anayochunga ni kidogo sana mbele ya mguu uliovunjika.

Kuna kosa moja la garaji lenye kuua, na halionekani kwa nje. Nyuma ya tamburi kuko mkono mdogo wa chuma, wenye kuvutwa na fimbo ya pedali. Garnitiri zikiisha, mkono unaenda mbali na pedali inakuwa ndefu. Fundi mwenye haraka anachomoa mkono huo, anaurudisha meno mawili nyuma, na pedali inakuwa fupi kama mpya. Lakini garnitiri zimeisha vile vile. Siku moja kile chuma chenye kuzisukuma ndani kinapinduka kupita mwisho wake, na gurudumu linafungwa bila kuachia. Mikono hiyo mara mingi ina alama au mshale wa kuonyesha mwisho: ukifika pale, ni kubadilisha garnitiri, si kusogeza mkono.

Baada ya kuvuka maji, iwe kijito au ukingo wa Luama, tamburi inabaki na maji ndani. Kukamata freni polepole kwa meta mia hivi, motere ikivuta, kunaikausha. Mafuta yakigusa garnitiri, kusugua na msasa hakusaidii tena, yameshaingia ndani.

Hata wenye mali wanapimia njia kwanza. Katika Safari Rally ya Kenya, iliyoanza mwaka 1953, magari yanainuliwa na amortisa zake zinapewa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, si kukazwa. Mwaka 1965 ndugu wawili wa Kenya, Joginder na Jaswant Singh, waliishinda na Volvo PV544 ambayo mtu mwingine alikuwa ameishindania mwaka uliotangulia. Joginder alikuwa fundi.

Kwa motari wa Kasongo mwenye pesa ya kufanya kitu kimoja tu, garnitiri nzuri za mbele na za nyuma zinatangulia resori. Mzigo nao usogee mbele: ukikaa nyuma ya gurudumu, la mbele linakuwa jepesi, usukani unaelea, na freni ya mbele, yenye nguvu kuliko ya nyuma, inakosa udongo wa kushika.