Pikipiki Iliyotembea Sana: Ipime Kabla ya Kufungua Injini

Katika vijiji vya Bisibo, wilayani Biharamulo, pikipiki ina kazi nyingi. Inapeleka mgonjwa hospitalini. Inapeleka mahindi na maharage sokoni. Ikiharibika, mwenye pikipiki anapata hasara, na majirani zake wanapata shida.

Bodaboda ikienda kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, itapita kilomita 30,000 kwa mwaka. Baada ya miaka michache injini huanza kuchoka. Nguvu hupungua na moshi huonekana. Hapo wengi husema, "Injini imekufa, ifunguliwe."

Ndugu msomaji, usifanye haraka. Kufungua injini ni gharama kubwa. Utanunua ringi na pistoni. Utamlipa fundi. Siku hizo zote hutapata abiria. Pengine ugonjwa ni mdogo tu. Anza na vipimo visivyo na gharama.

Tazama oili

Simamisha pikipiki mahali tambarare. Zima injini, ngoja dakika chache, kisha pima oili. Oili kuwa nyeusi si ajabu. Lakini ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji. Ikiwa na chembe zinazong'aa, vyuma vinasagana. Mpelekee fundi mapema.

Oili ikipungua, tazama kwanza chini ya injini. Huenda inavuja tu.

Tazama moshi

Moshi mweupe mwepesi asubuhi ya baridi, unaokwisha upesi, ni mvuke wa maji. Usiogope.

Moshi mweusi maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa. Safisha chujio la hewa. Kabureta nayo ikaguliwe.

Moshi wa buluu maana yake injini inaunguza oili. Ukitoka asubuhi tu, kisha ukakoma, huenda mipira ya valvu imechoka. Ukitoka kila unapovuta mafuta, huenda ringi na silinda zimelika.

Vumbi ni adui

Barabara za vijijini zina vumbi jingi wakati wa kiangazi. Vumbi likipita kwenye chujio bovu, hukwangua silinda kama msasa. Chujio la sponji lioshe kwa maji na sabuni. Likaushe, lipake oili safi, ulikamue. Usilioshe kwa petroli, kwa sababu ni hatari ya moto. Chujio la karatasi halioshwi. Likichafuka sana, nunua jipya.

Pikipiki ikishindwa mlima

Injini ikinguruma sana lakini pikipiki haivuti, kagua klachi. Kisha inua magurudumu, moja moja, uyazungushe kwa mkono. Gurudumu likiwa zito, huenda breki imeng'ang'ania. Makosa haya hayahitaji kufungua silinda.

Jaribu kwa kiki

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, piga kiki polepole. Kiki ikiwa nyepesi mno, injini haishiki pumzi. Sasa utajua pumzi inapotea wapi.

Zima swichi. Fungua plagi. Mimina kijiko kimoja cha chai cha oili safi katika tundu lake. Weka uso mbali, kisha piga kiki mara chache ili oili isambae. Rudisha plagi, upige tena kiki polepole. Kiki ikiwa nzito kuliko mwanzo, ringi au silinda zimelika. Ikibaki nyepesi vilevile, yaelekea pumzi inapita kwenye valvu. Mwombe fundi apime nafasi ya valvu kabla ya kufungua kitu kingine. Huenda zikahitaji kurekebishwa tu.

Sikiliza

Mlio mwembamba juu ya injini mara nyingi ni wa valvu. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini ni hatari. Zima injini, usiendelee na safari.

Andika katika daftari

Mita peke yake haitoshi. Mita nyingine zimekufa. Nyingine zikifika 99,999 hurudi sifuri. Kwa hiyo weka daftari lako. Andika tarehe, kilomita, na oili uliyoongeza. Kama mita imekufa, andika lita za petroli ulizotia. Huu ni mfano:

Tarehe 3: mita 48,200. Nimebadilisha oili.
Tarehe 10: mita 48,800. Nimeongeza robo lita.
Tarehe 17: mita 49,400. Nimeongeza nusu lita.

Soma mistari hiyo mitatu. Oili haivuji, lakini kila wiki inapungua zaidi. Hapo daftari limesema: injini inakula oili. Anza kuweka akiba ya matengenezo sasa, kabla pikipiki haijazimika njiani na mgonjwa.

Ukienda kwa fundi, nenda na daftari. Mwambie ulichoona, ulichosikia na ulichopima. Kalamu nayo ni chombo cha ufundi kama spana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.